Kikao cha Harusi Kimekwisha, Sasa Kikao cha Kitabu

Jumapili moja nilikaa kwenye kikao cha harusi mtaa wa Sogea, Tunduma, kwenye ua wenye mwembe mmoja na viti vya plastiki vya kukodi. Soda hazijafika nusu, mweka hazina ameshasoma daftari lake lote: nani ametoa taslimu, nani ameahidi, na nani ameahidi tangu Pasaka na sasa simu yake haipatikani. Watu walicheka, aliyetajwa akajitetea, mwenyekiti akagonga meza kwa kizibo cha chupa. Kwa saa moja na nusu kikao kile kilipata hela ya ukumbi, ya chakula, ya mapambo na ya matarumbeta.

Pembeni yangu alikaa mwalimu mstaafu kutoka Vwawa, mjomba wa bibi harusi. Nyumbani kwake, juu ya kabati, kuna kaunta buku tatu zilizofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ndani ameandika, kwa kalamu ya bluu, maisha ya watu wa Mbozi na wa boda tangu reli ya TAZARA ilipopita. Miaka 11 kaunta buku zile ziko pale juu. Nikamwinamia nikamwambia, "Mwalimu, kitabu chako kingekuwa kinaoa, si tungeshakichangia?"

Alicheka mpaka akamwaga soda. Halafu akanyamaza, akasema, "Mwanangu, hilo neno usiliache hapa kikaoni. Liandike."

Naliandika. Nitahesabu kurudi nyuma, tisa hadi moja, kama foleni ya malori pale boda: naanza na la mkiani, na lenye mzigo mzito liko mbele kabisa, getini.

9. Kamati tunayo, daftari tunalo, na MC anajileta mwenyewe

Jambo lenyewe ni jepesi kulieleza. Badala ya mtu mmoja mwenye mtaji kulipia kitabu kisha asubiri wanunuzi, wasomaji wengi wanatoa kidogo kidogo kabla hakijachapwa. Kiasi kikitimia, kitabu kinakwenda mtamboni, na kila aliyetoa anapata nakala yake. Kisipotimia, kila mtu anarudishiwa hela yake. Huko nje wamelipachika jina la kigeni na kulifanyia mikutano. Sisi tunaliita mchango, na hakuna mtu mzima wa Tunduma anayehitaji kufundishwa mchango.

Tazama kadi ya harusi. Imeandikwa kiasi cha singo na kiasi cha dabo, ina namba ya simu ya mweka hazina, ina tarehe ya mwisho. Hiyo hiyo, badilisha picha ya maharusi weka picha ya jalada: singo ni nakala moja, dabo ni mbili, moja yako na moja ya shule uliyosoma. Ukiichangia harusi unapata pilau, na pilau, hata ikiwa tamu vipi, huwezi kuirudia mwakani ukiwa umelala kitandani kwako. Kitabu unakirudia.

Na harusi ni moja tu. Kuna rambirambi za msiba, kuna vikoba vya akina mama sokoni, kuna upatu, kuna kwaya inayotaka kurekodi. Mkoa huu wa Songwe unachangishana kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili. Kitabu hakijawahi kugonga mlango, ndiyo maana hakijafunguliwa.

8. Mchapishaji naye yuko kwenye foleni, tumwonee huruma

Tusianze kwa kumtukana mtu. Mchapishaji wa Dar es Salaam anamlipa mhariri, anamlipa mchoraji wa jalada, ananunua karatasi na wino, kisha vitabu vinalala stoo na hela yake inalala navyo. Kinachoiamsha hela hiyo mapema ni kitabu cha shule, kwa sababu wateja wake wanajulikana kabla mtambo haujawashwa. Nyumba kama Tanzania Publishing House, iliyoanzishwa 1966, na Mkuki na Nyota, ambayo Walter Bgoya aliianzisha 1991 baada ya miaka mingi ya kuiongoza TPH, zimetupa vitabu ambavyo bila zenyewe tusingeviona. Naziheshimu kwa moyo wote.

Lakini muswada wa mzee wa Vwawa kuhusu mnada wa ng'ombe na msimu wa kahawa Mlowo ukifika mezani, mchapishaji anauliza swali moja la haki: nani atanunua? Mwalimu hana jibu. Wanunuzi wake wapo, ila hawajawahi kuhesabiwa. Mchango ndiyo sensa yao.

Kuna njia ya tuzo pia. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilizinduliwa 2022, washindi wa kwanza wakatangazwa Aprili 2023, na mshindi wa kwanza anapata shilingi milioni 10 na kitabu chake kinachapwa. Shindana, ndugu yangu, shindana kila mwaka. Ila nafasi za juu ni chache kuliko viti vya mbele vya hiace ya kwenda Mlowo, na nyuma tumebaki wengi.

7. Mchango wa kitabu una umri mkubwa kuliko babu wa babu yako

Nasikia kijana mmoja anasema haya ni mambo ya intaneti. Kaa chini nikuhadithie.

Zamani pwani yetu kitabu kilikuwa na mlezi mmoja. Chuo cha Herekali, utenzi mrefu wa mwaka 1728, Bwana Mwengo aliutunga kwa ajili ya sultani wa Pate. Sultani akitaka, kitabu kipo. Asipotaka, kalamu inakauka. Uingereza nao walikuwa na mabwana wao wa kuwabembeleza, mpaka watu wakaanza kukusanya majina ya wasomaji wanaolipa mapema. Mwaka 1617 John Minsheu alitoa kamusi yake kubwa ya lugha nyingi kwa njia hiyo, na majina ya walionunua yakachapwa.

Anayenigusa mimi ni Olaudah Equiano, Mwafrika aliyepitia utumwa, akajinunua, akaandika maisha yake. Mwaka 1789 alipokitoa kitabu chake London, toleo la kwanza lilikuwa na orodha ya watu 311 waliokubali kukinunua kabla, na mwana wa mfalme wa Uingereza akiwemo. Haki ya kitabu aliibakiza mkononi mwake. Kisha akafunga safari, mji kwa mji, Uingereza, Scotland, Ireland, akiuza nakala, akihutubia dhidi ya biashara ya watumwa, na kila toleo jipya likija na majina mapya. Matoleo tisa katika maisha yake. Sasa fikiria: mtu aliyewahi kuandikwa jina lake kwenye orodha ya mali, anashika orodha yake mwenyewe, na humo wenye vyeo ndio wanaoandikwa.

Haikuwa rahisi kwa kila mtu. Phillis Wheatley, binti aliyekuwa mtumwa Boston, alitangaziwa kitabu cha mashairi mwaka 1772 na wanunuzi wa pale hawakutosha. Mwaka uliofuata kikatoka London. Kwa hiyo mwandishi wa Itumba, ukichangisha Itumba ikagoma, usiitukane Ileje. Vuka mlima, jaribu Mbeya.

6. Kickstarter haijafika boda

Fupi hii. Mwaka 2022 Brandon Sanderson, mwandishi wa Marekani, alichangisha kupitia mtandao wa Kickstarter kwa ajili ya riwaya nne na akapata zaidi ya dola milioni 41 kutoka kwa watu zaidi ya 185,000. Hongera yake. Mtandao huo haumruhusu mtu aliye Tanzania kufungua kampeni. Wakenya walijitengenezea M-Changa mwaka 2012, harambee ya kwenye simu. Na sisi tuna simu mkononi, tuna Lipa Namba kwenye genge la nyanya. Anayeweza kulipia nyanya kwa namba anaweza kulipia riwaya kwa namba. Twende.

5. Waliojichapia walitutangulia, na walitunyima usingizi

Elvis Musiba, baba wa Willy Gamba, mpelelezi wa riwayani, alianzisha kampuni yake, Continental Publishers, na humo akachapa vitabu vyake. Ben Mtobwa, aliyefariki 2008, alianzisha Heko, na Joram Kiango wa riwaya zake akawa anauzwa na aliyemzaa. Hawa hawakuchangisha kwa maana ya leo, ila walithibitisha jambo moja: msomaji wa Kiswahili analipa hela yake mwenyewe, bila mwalimu wa zamu kumlazimisha, akipata hadithi inayomkaba shati.

Leo kazi ile imehamia kwenye simu. Mwandishi anaweka hadithi Facebook, sehemu ya kwanza hadi ya kumi bure. Sehemu ya kumi na moja dada wa watu yuko ukingoni mwa daraja, gari linakuja, na chini yake kuna namba: tuma shilingi 1,000 uingizwe kundi la WhatsApp. Na watu wanatuma! Mpishi wa mgahawa mmoja pale Mpemba amelipia hadithi nne mwaka huu, akaniambia, "Kaka, ya tatu ilinifanya niunguze maharage." Hiyo ni sifa ambayo hakuna tuzo inayoweza kuitoa.

Wanaotuma elfu moja moja ndio wachangiaji wenyewe. Wameshajitokeza, wana namba, wako kwenye kundi. Kilichobaki ni kuwaambia: hadithi hii tunaitoa kitabu, nani anataka jina lake liwe kwenye ukurasa wa shukrani?

4. Penseli, karatasi, na hesabu isiyoona haya

Hapa wengi wanakimbia. Rudi, kaa.

Tuchukue mfano. Mchapaji amekuambia nakala 300 ni shilingi 2,100,000, yaani 7,000 kwa nakala. Mhariri 400,000, na usimruke mhariri, nakuomba, kosa la ukurasa wa kwanza linasomwa na watu wote 300. Jalada na mpangilio wa kurasa 300,000. Kusafirisha maboksi kwa basi kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, na bodaboda za kugawa, 100,000. Jumla 2,900,000.

Bei ya kitabu umeweka 15,000. Gawanya: unahitaji watu 194 waliolipa kabla, na gharama zote zimekwisha. Zinabaki nakala 106. Ukiziuza zote kwa bei ile ile ni shilingi 1,590,000, na hiyo ndiyo ya mwandishi. Sasa linganisha na mrabaha. Kama mkataba unakupa asilimia 10, kila nakala ni 1,500, nakala zote 300 ni 450,000, na unalipwa zikishauzwa.

Lakini tuwe wakweli: yule wa mrabaha analala nyumbani. Wewe wa mchango unabeba boksi begani. Mchapishaji akifanya kazi yake vizuri anakufikisha Mwanza na Nairobi, mahali ambapo bodaboda yako haifiki. Kwa kitabu kinachotaka nchi nzima, mtafute mchapishaji. Kwa kitabu kinachotaka kwanza Mbozi, Momba, Ileje na Nakonde, ng'ambo ya boda, Zambia, watu 194 wanatosha, na watu 194 ni harusi mbili ndogo.

Namba ya ISBN unaiomba Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, hakimiliki unaisajili COSOTA. Ni fomu, na fomu haijawahi kumuuma mtu.

Kuhusu Nakonde: Kinyamwanga kinasemwa pande zote mbili, mpaka umewakuta watu wakiwa tayari ndugu. Shemeji wa ng'ambo atataka kulipa kwa kwacha. Mpokee, ila mweka hazina aandike kiwango cha kubadilisha cha siku ile, pale pale, mbele ya shemeji. Kwacha ikipanda kesho tusigombane msibani.

3. Uzinduzi: mgeni rasmi asije kula tu

Uzinduzi ni mchango wa pili, na sisi tunaujua kupitia kwaya. Albamu inaletwa kwenye sinia lenye kitambaa, mgeni rasmi anakata utepe, ananunua nakala ya kwanza kwa bei ya juu, kisha MC anashuka ukumbini: "Nani laki? Elfu hamsini je? Mama wa kilemba cha njano, nimekuona!" Mama wa kilemba cha njano anatoa. Kesho yake anajisifu sokoni.

Kitabu kifanyiwe hivyo hivyo, na kiongezwe kitu kimoja: kisomwe. Sio hotuba kuhusu kitabu, kitabu chenyewe. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza jinsi riwaya yake ya Kigĩkũyũ ya mwaka 1980, Caitaani Mũtharabainĩ, ilivyosomwa kwa sauti kwenye mabaa ya Kenya. Msomaji anasoma mpaka glasi yake iishe, kisha anaweka kitabu chini, na wenye hamu ya kujua kinachofuata wanamnunulia nyingine. Wateja wa baa wakalipia sura kwa sura, hata yule asiyejua kusoma akaimaliza riwaya kwa masikio.

Tunduma tuna migahawa ambako madereva wanasubiri nyaraka zao. Tangu kituo cha pamoja cha forodha kizinduliwe Oktoba 2019, mzigo unakaguliwa mahali pamoja badala ya pande mbili, ila dereva bado ana saa zake za kukaa. Msomee sura. Akikununulia chai, umepata. Akilipia kitabu, umepata zaidi. Na huyo ndiye atakayekifikisha Lubumbashi, ambako Kiswahili kinakisubiri.

2. Hela ikae wapi

Hapa utani naupunguza sauti.

Mwaka 2011 London ilianzishwa kampuni iitwayo Unbound, ya kuchapa vitabu kwa michango ya wasomaji. Ilifanya mambo makubwa. The Wake, riwaya ya Paul Kingsnorth, iliingia orodha ndefu ya tuzo ya Booker mwaka 2014, na mwaka 2016 kampuni ikatoa The Good Immigrant, mkusanyo wa waandishi wenye asili ya ugenini nchini Uingereza, uliouzwa sana. Majina ya wachangiaji yalichapwa nyuma ya kila kitabu. Nilikuwa nikiisifia kampuni hiyo kwa kila niliyekutana naye. Machi 2025 ikawa mikononi mwa wafilisi. Kampuni iliyochukua mali zake nayo ikaanguka mwaka huo huo. Waandishi wakabaki wanadai, na wasomaji waliolipia vitabu ambavyo havijachapwa wakabaki wanaangalia mlango.

Si lazima uende London kuona hayo. Mimi nimewahi kuchangia kitabu hapa hapa nchini, elfu ishirini, kwa mwandishi ambaye jina lake nalistiri. Mwezi wa kwanza taarifa zilikuja. Wa pili tukaambiwa mchapaji anachelewesha. Wa nne kundi la WhatsApp likafungwa, wenye kundi tu ndio wanaoandika, na hawakuandika. Elfu ishirini nimeisamehe. Kilichoniuma ni kwamba baada ya hapo, mwandishi mwingine, kijana mwaminifu, aliponiletea kadi yake, mkono wangu ulisita mfukoni. Mmoja akila mchango, wengine kumi wanapunjwa bila kuonekana.

Kwa hiyo tuige kikao cha Sogea, maana kile kikao kina hekima ambayo kampuni kubwa ilikosa. Mwenye harusi hashiki hela. Uliwahi kuona bwana harusi akiwa mweka hazina? Basi mwandishi naye asishike. Ashike mtu mwingine, mwenye duka, mwenye jina la kupoteza. Hela ya kitabu ikae peke yake, isichanganywe na ada ya shule wala mbolea ya kahawa. Vikundi vingi vinatumia huduma kama M-Koba, ambako hela ya kikundi haitoki mpaka viongozi waidhinishe kwenye simu zao. Kundi la kitabu linaweza kufanya hivyo.

Kila Ijumaa taarifa isomwe: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zimebaki ngapi. Picha ya risiti ya mchapaji iwekwe. Mchapaji alipwe kwa awamu, kiasi akianza, kingine ukishaona nakala ya kwanza na kuipindua kurasa zote, maana nimeona kitabu ambacho ukurasa wa 48 unafuatwa na wa 65. Tarehe ya mwisho iandikwe kwenye kadi, na kando yake iandikwe: zisipotimia, siku hiyo utarudishiwa hela yako yote. Ukishindwa kuandika sentensi hiyo, usichapishe kadi.

Na ahadi zisomwe kwa sauti. Aliyeahidi tangu Pasaka atajwe, tucheke naye, atimize.

1. Kitabu chenyewe

Mkoa wa Songwe ulizaliwa 2016, ukakatwa kutoka Mbeya. Rafu ya vitabu vinavyoueleza bado ni fupi, ilhali mambo ya kuandikwa yamejaa mpaka mlangoni.

Pale Ndolezi kipo kimondo, chuma kilichodondoka kutoka mbinguni, ambacho uzito wake unatajwa kuwa tani 12. Watalii wanapiga nacho picha. Bibi wa kijiji kile anajua simulizi zake, na hakuna aliyemletea kaunta buku. Upo msimu wa kahawa ya Mbozi, ipo chumvi na samaki wa upande wa Rukwa, ipo njia ya Isongole kwenda Malawi. Ipo reli. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa mkopo wa China usio na riba. Kijana aliyekuwa na miaka 20 akibeba mataruma karibu na Vwawa mwaka 1973, leo amevuka 70. Piga hesabu hiyo polepole. Huyo hawezi kusubiri kaunta buku zikae juu ya kabati miaka mingine 11.

Watu wa hapa waliwahi kuhadithia maisha yao na yakaandikwa. Msatulwa Mwachitete, mtoto wa chifu wa Wanyiha, alitekwa akiwa mdogo, akapona, akarudi, na baadaye akawasimulia wamisionari wa Kimoraviani. Simulizi yake iko kwenye kitabu cha Kiingereza cha mwanahistoria Marcia Wright cha mwaka 1993, pamoja na za wanawake kama Narwimba. Nashukuru kwamba zilihifadhiwa. Lakini nimemuuliza mwanafunzi wa sekondari Vwawa, Mnyiha, kama amewahi kulisikia jina la Msatulwa. Hajawahi. Simulizi ilisafiri mpaka ng'ambo, na bado haijafika kwenye dawati la mtoto anayetoka ukoo ule ule. Hilo ndilo lori lililo mbele ya foleni yangu, na hilo ndilo linalonifanya niandike haya yote.

Wiki mbili baada ya harusi, Mwalimu alishuka Tunduma kwa hiace, kaunta buku ya kwanza ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mara mbili. Tulikaa kwenye mgahawa karibu na foleni. Akavaa miwani, akafungua, akaanza kusoma kwa sauti ya darasani: asubuhi treni ya kwanza ilipopita, wanawake walioacha majembe shambani, mama yake akimshika mkono kwa nguvu mpaka ukamuuma, mbuzi mmoja aliyekataa kuondoka njiani.

Dereva wa meza ya pili, anayesubiri nyaraka za mzigo wa Lubumbashi, alikuwa ameshikilia tonge la ugali. Lilikaa hewani.

"Mzee wangu, shikamoo. Yule mbuzi ikawaje?"

"Marahaba, mwanangu. Ya mbuzi yako ndani ya kitabu."

"Kitabu kinauzwa wapi?"

"Hakijachapwa. Tunachangisha. Elfu kumi na tano, unaletewa kikitoka, na jina lako linaandikwa nyuma."

Dereva alinawa mkono, akatoa simu, akauliza namba ya mweka hazina. Ilikuwa ya yule yule mama wa daftari wa Sogea. Ujumbe ukaingia. Mwalimu akafungua ukurasa wa mwisho wa kaunta buku, akapiga mistari kwa rula, akaandika namba moja, jina, na neno taslimu.

Utingo alikuwa amesimama nyuma ya bosi wake, akisoma juu ya bega.

"Babu, na mimi niandike. Ila hela ni nikirudi kutoka Kongo."

Mwalimu alimtazama juu ya miwani, akatabasamu, akaandika namba mbili, jina la kijana, na mbele yake: ameahidi.